Mshubiri uliojificha kwenye nyasi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kutambua mmea

Usuli

Kijiji chenyewe kiko nyanda za juu, Tanzania Bara, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Nimeondoa jina lake, jina la kilima na majina ya watu. Nimeacha hata jina ambalo wenyeji wanauita mmea huu, kwa sababu jina la kilima limo ndani yake. Ukilisikia tu umeshaonyeshwa njia. Kwa nini usiri wote huo kwa ajili ya kijimmea kisichofika magotini, itaonekana mbele.

Kilima hicho kwenye karatasi za kijiji kiliandikwa "eneo wazi". Mkutano wa kijiji ulikuwa umeridhia kikundi cha wakulima wapande paina humo, na siwalaumu. Huko juu mti wa mbao ni akiba ya mtu: ni ada ya mtoto, ni bati la nyumba. Nyasi zinampa mtu malisho ya miezi michache, kisha zinaungua. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya kata aliomba wanafunzi wake waorodheshe mimea ya pale kabla mashimo hayajachimbwa. Hakuna aliyepinga, maana wengi waliona ni mambo ya shule.

Mimi niliingia kwa njia ya simu. Kuorodhesha mimea ndiyo kazi yangu, na mwalimu alikuwa ananitumia picha za ile iliyomshinda.

Mambo yalivyokwenda

Picha iliyoanzisha kisa ilifika Oktoba, wiki chache baada ya moto kupita. Ilionyesha udongo mweusi wa majivu, vishina vya nyasi vilivyoungua, na katikati yake majani saba au manane membamba ya kijani kibichi, yenye mfereji kwa juu, yametoka moja kwa moja ardhini. "Kaka, huu ni mshubiri gani?" Niliangalia picha kwa muda ambao mtu huangalia saa. Nikajibu kwamba ni mche wa mshubiri mkubwa, labda mbegu imepeperushwa kutoka kwenye miamba, usubiri ukue.

Jibu lile halikuwa la kijinga, na ndiyo maana lilikuwa la hatari. Miche ya mishubiri mingi mikubwa huanza hivyo hivyo: majani membamba, mara nyingi yenye madoa, yamepangana pande mbili kabla shina halijapata umbo lake la utu uzima. Mtu akikuonyesha kitu chembamba, kidogo, chenye nyama kidogo, akili inakimbilia "mtoto wa kitu kikubwa". Sikuuliza hata swali moja kuhusu mahali kilipoota.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mwalimu aliposikia ni mche, aliona afadhali kuokoa michache kabla paina haijaja. Mwanafunzi mmoja aling'oa mitatu. Ilipandwa kwenye makopo ya rangi, udongo wa bustani ukachanganywa na samadi, ikamwagiliwa kila asubuhi kwa upendo mkubwa. Kufikia Desemba miwili ilikuwa imekufa. Mwalimu aliniambia kwamba majani yalibaki kijani hadi siku ya mwisho; alipolivuta moja lilitoka lote bila ubishi, na chini lilikuwa limekuwa uji wenye harufu. Mizizi iliyobaki ilimshangaza: haikuwa nywele nyembamba za mche bali vitu vinene katikati na vyembamba kwenye ncha, kama viazi vidogo vilivyonyooshwa. Alipiga picha akanitumia. Hapo nilianza kuogopa. Mche wa miezi michache hauna mizizi ya namna ile. Hiyo ni mizizi ya mmea ambao umeishi hapo miaka, unaoweka chakula chini kwa sababu unajua juu kutaungua.

Wakati huo huo mwenzangu mmoja, ninayemwamini, aliona picha ile ya Oktoba akasema si mshubiri kabisa, ni *Kniphofia*, mmea wa jenasi nyingine. Hoja yake ilikuwa nzuri. *Kniphofia* huota kwenye nyanda zetu za juu, majani yake ni marefu na membamba, na ua lake limesimama kwenye bua kama la mshubiri. Tulibishana siku mbili kwa kutumia picha moja. Ni aibu kidogo kukumbuka, watu wazima wawili wanahesabu vivuli kwenye kioo cha simu, mmea wenyewe upo mlimani unanyeshewa.

Januari nilisafiri.

Siku ya kwanza mlimani

Mvua zilikuwa zimeshakolea na nyasi zilifika kiunoni. Mwalimu, wanafunzi wanne na mimi tulitembea tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita bila kuona hata mmoja. Mwalimu alikuwa na uhakika wa mahali, lakini mahali penyewe palikuwa pamebadilika sura: Oktoba palikuwa jivu, sasa ni bahari ya nyasi. Tulikuwa tunakanyaga kile tulichokuwa tunakitafuta, sina shaka.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe alisimama akitutazama muda mrefu kabla hajasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmepoteza hela?"

Mwalimu akamweleza, akamwonyesha picha. Mzee aliishika simu mbali na macho yake, akacheka kidogo.

"Huku mtamaliza siku, wanangu. Huyu hawezi kugombana na nyasi ndefu. Nendeni pale jiwe linapotoka jasho."

Kwenye bega la kilima kuna bamba la mwamba lililolala, na mvua ikinyesha maji hupenya chini ya udongo mwembamba na kutokea ukingoni mwake, mwamba unang'aa unyevu siku nzima. Udongo pale haufiki urefu wa kidole. Nyasi zinazoota ni fupi, za matuta matuta, na kati ya tuta na tuta kuna nafasi. Tulilala kifudifudi. Wa kwanza kuuona ni mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu, na aliuona kwa mkono: alikuwa anapitisha vidole kwenye tuta la nyasi, akasimama, akasema, "Hili jani ni baridi."

Kweli. Jani la nyasi ni kavu na linakwaruza. Hili lilikuwa na maji ndani yake. Ukiligeuza, upande wa nyuma karibu na shina kuna madoa meupe yaliyojaa, na ukingoni kuna vimeno vyeupe vidogo kuliko milimita moja, ambavyo bila lenzi unavisikia kwa ukucha tu. Mwalimu alilikata jani moja kwa wembe. Ndani kulikuwa na nyama laini, angavu, na mkato wake ulikuwa kama mfereji wa mviringo. Tukalinganisha na jani la *Kniphofia* tulilolichuma bondeni penye tope asubuhi ile: mkato wake ulikuwa kama herufi V, mgongo mkali kwa nyuma, na ulipovutwa ulichanika kwa nyuzinyuzi kama katani, bila nyama. Vimeno haviamui mzozo huu, maana hata *Kniphofia* nyingine zina ukingo wenye vimeno. Nyama ndiyo iliyoamua.

Kwa hiyo tulijua tuna mshubiri, na kwa mizizi ile tulijua si mche. Tuliingia kwenye kundi dogo ambalo nitaliita mishubiri ya nyasini: spishi za *Aloe* zilizoacha miiba mikubwa na majani manene zikaiga nyasi. Nyingi ziko kusini mwa Afrika, lakini chache zimepanda kaskazini hadi kwetu.

Maamuzi, na kwa nini

Jambo rahisi lingekuwa kuchimba mmea mmoja mzima na kuupeleka hebaria, nyumba inayotunza mimea iliyokaushwa. Wataalamu wangeupokea. Niliamua tusichimbe. Siku ile tuliona mashina kumi na moja tu, na mmea bila ua, hata ukiwa na mizizi yote, ungetupa jina la kundi bila jina la spishi. Tungetoa sadaka ya mmea mmoja kwa jibu nusu.

Tuliamua kusubiri ua. Hili halikuwapendeza wanakikundi cha paina, kwa sababu msimu wa kupanda ni wakati wa mvua, na wao walikuwa na miche tayari vitaluni. Mwenyekiti wa kijiji alipata njia ya katikati: wapande upande wa bondeni, bega la mwamba libaki hadi Machi. Sidhani alifanya hivyo kwa kupenda mishubiri. Alisema tu kwamba mwamba ule hata jembe haliingii, basi mwalimu na watoto wake waachwe.

Kila mmea tuliuwekea kokoto tatu kwa mpangilio mmoja upande wa juu wa mteremko, maana kijiti kingeliwa na mchwa au kung'olewa na ng'ombe. Na tulikubaliana kutotuma picha ikiwa na alama ya mahali. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya picha yenyewe bila mwenye simu kujua. Onyo hilo lilikuja limechelewa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshasambaza picha ya Oktoba, na wiki hiyo hiyo mtu asiyemjua alimwandikia akiuliza bei ya mashina hamsini. Kijana alinionyesha ujumbe kwa furaha, akidhani ni soko. Ilibidi tukae chini tuzungumze: *Aloe* za porini zote, isipokuwa *Aloe vera*, ziko kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo haziruhusiwi kuvuka mpaka kibiashara bila kibali. Yeye alielewa kwa njia nyepesi zaidi. Hamsini hazipo. Tumehesabu kumi na moja.

Machi: ua

Nilirudi wiki ya pili ya Machi. Mashina matano kati ya kumi na moja yalikuwa na mabua. Bua moja moja, halina matawi, jembamba kama mrija wa soda, limesimama sentimita 28 kwa lile refu zaidi. Juu yake maua yalikuwa yamejikusanya kama kichwa. Kwa mbali ungedhani ni ua la nyasi lililofifia. Rangi yake haikuwa ile nyekundu ya mishubiri inayoita ndege chozi toka ng'ambo ya bonde. Ilikuwa waridi iliyochakaa, yenye michirizi ya kijani.

Tulipima ua moja: milimita 18. Tulipima mengine manne, hakuna lililozidi 20. Kisha tukatazama mdomo wake kwa lenzi, na hapo ndipo jina lilipopatikana. Ua la mshubiri wa kawaida ni bomba lililonyooka, ncha zake sita zinafunguka karibu sawa pande zote. Hili lilikuwa limejipinda kwenda juu, ncha zake zimegawanyika kama midomo miwili, mmoja juu mmoja chini. Umbo hilo lipo kwa spishi chache za mishubiri ya nyasini. Mshubiri mwingine wa nyasini wa Tanzania, *Aloe nuttii*, unaoota pia kwenye nyasi za nyanda za juu, una jani pana zaidi na ua karibu mara mbili ya urefu huu, lenye kikonyo kirefu. Haukuwa huo.

Tulichukua bua moja na majani mawili, tukayabana kwenye magazeti, tukaandika kwenye lebo yote tuliyoyaona kuhusu mwamba, maji, urefu wa nyasi na mwezi wa moto. Jibu la hebaria lilithibitisha: *Aloe myriacantha*.

Spishi hii ni ya safari ndefu. Inapatikana tangu Eastern Cape huko Afrika Kusini, ikiruka ruka kwenye milima, hadi Kenya na Uganda. Mwingereza Haworth, mtaalamu wa mimea, aliieleza mwaka 1827 kwa mmea wa kusini, na hakuiita *Aloe*. Aliiweka kwenye jenasi nyingine, *Bowiea*. Jina *myriacantha* maana yake ni miiba isiyo na idadi. Kama ningelijua jina kabla ya mmea, ningetafuta kitu chenye miiba na nisingeuona milele. Miiba yenyewe ni ile ya kusikia kwa ukucha.

Matokeo

Bega la mwamba lilitolewa kwenye eneo la paina, na kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji neno "eneo wazi" likafutwa, likaandikwa "malisho na mimea ya asili". Upande wa bondeni ulipandwa wote. Kama kulikuwa na mishubiri huko, ilikwenda na mashimo. Hatukuwahi kupakagua wakati nyasi ni fupi.

Mwaka uliofuata lilikuja jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliwaza. Mtu mwenye paina haogopi kitu kama moto. Wanakikundi walilima barabara ya kuzuia moto kuzunguka miti yao, na wakazuia uchomaji kilima kizima, pamoja na bega la mwamba. Oktoba ile hapakuungua. Nyasi za zamani zilibaki zimelala juu ya mpya, matuta yakafungana, na Machi tuliporudi tulipata mabua mawili tu. Mashina yenyewe yapo, tuliyapata kwa kokoto zake, lakini majani yalikuwa yamepauka chini ya zulia la nyasi kavu.

Uchambuzi

Kosa kubwa ni langu, la Oktoba. Sikosi usingizi kwa kutambua vibaya, hilo litatokea tena. Kinachoniuma ni kwamba maelezo yote niliyohitaji yalikuwa kwenye picha nikayaona kama uchafu wa pembeni. Majivu yalikuwa yananiambia mmea umechipua wiki chache tu baada ya moto, kwa nguvu ambayo mbegu changa haina. Vishina vya nyasi vilikuwa vinaniambia umeishi ndani ya tuta. Mwalimu angepiga picha hatua tano nyuma ningeona mwamba. Siku hizi mtu akinitumia mmea namwomba kwanza picha ya alipokuwa amesimama, na swali langu la kwanza ni maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha. Jani tunalifikia baadaye.

Kuna alama moja ambayo ingetuokoa na ambayo moto uliifuta: bua kavu la mwaka uliopita. Mche hauna bua kavu. Kwenye mimea isiyoungua, kulitafuta bua hilo kunachukua dakika moja na kunatenganisha mche na mmea mzima mdogo bila kung'oa kitu.

Kifo cha ile miwili kwenye makopo kilitufundisha kuhusu makazi yake kuliko kitabu. Mizizi ile imeumbwa kwa ajili ya kulowa muda mfupi kisha kukauka miezi mingi, kwenye udongo mwembamba usio na rutuba. Samadi na maji ya kila siku ni kama kumlisha mgonjwa kwa nguvu. Wanafunzi walikasirika nilipowaambia kwamba wema wao ndio uliouua, na nadhani ningeweza kulisema kwa upole zaidi.

Kusubiri ua kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa kwa bahati. Tungekuwa na kikundi chenye haraka zaidi, au mwenyekiti asiye na subira, tungepoteza bega lile Februari. Kilichotulinda ni ubovu wa udongo wake kwa jembe. Mzee wa ng'ombe naye tulikutana naye kwa bahati, na hilo halikupaswa kuwa bahati. Yeye na wenzake wanapita pale kila siku, na hakuna aliyefikiri kuwauliza kabla ya kuleta lenzi. Nilimuuliza baadaye kama aliwahi kuuona ukichanua. Akasema huchanua mwezi ambao ng'ombe hunenepa. Ndiyo Machi.

Suala la moto bado halijatulia. Kuchoma hovyo karibu na paina haiwezekani, na sitawashauri. Kijiji kimekubali jambo dogo: mwisho wa kiangazi wanafunzi watafyeka kwa mkono bega lile pekee, na ng'ombe wa mzee wataruhusiwa kupita wiki mbili kabla ya mvua. Fyekeo haifanyi kazi yote ya moto, ila inafungua matuta.

Ule mshubiri wa tatu wa kwenye kopo haukufa. Mwalimu aliumwaga udongo wote, akalitoboa kopo chini kwa msumari sehemu saba, akalijaza changarawe kutoka ukingoni mwa mwamba, akaacha kuumwagilia. Kwa miezi minne haukuwa na jani hata moja na wanafunzi walitaka kulitupa kopo. Mara ya mwisho alinitumia picha, safari hii amesimama hatua tano nyuma: kopo liko kwenye dirisha la maabara, na kwenye changarawe yametoka majani mawili.